Tunagawana Msimbo Bila Kusema Unashindwaje

Kwa vijana wengi wa Afrika Mashariki wanaopenda elektroniki, mashine ya kutotolesha vifaranga, yaani inkubeta, ndiyo kazi ya kwanza ya maana wanayoifanya na mikrokontrola, chipu ndogo inayoendesha programu. Vifaa vyake vinapatikana Kariakoo au Luthuli Avenue: bodi ya Arduino Uno au nakala yake, kihisi joto, rilei (swichi inayoendeshwa na bodi), balbu mbili za kuleta joto, feni ndogo, na boksi la mbao au friji bovu la kuvitia ndani. Lengo linaeleweka hata kwa bibi kijijini. Mayai ya kuku yakae kwenye nyuzi 37.5 hivi kwa siku 21, yawe yanageuzwa mara kadhaa kwa siku mpaka siku ya 18, kisha yaachwe yatulie. Msimbo wake karibu hakuna anayeuandika kuanzia mstari wa kwanza. Mmoja anampa mwenzake, mwenzake anabadilisha namba mbili tatu na kumpa wa tatu, na wa tatu anautuma mkoa mwingine kabisa.

Huo ni utaratibu mzuri na natamani uenee. Kuazimana msimbo kumewafungulia mlango watu ambao hawakupita darasa lolote la uhandisi. Ninacholalamikia ni kile tunachokiacha njiani tunapogawana. Tunapeana msimbo wa siku njema. Habari za siku mbaya, yaani kihisi kikikatika, waya ukilegea, umeme ukiyumba au maktaba (msimbo uliotayarishwa na wengine) ikibadilika toleo, zinabaki kichwani mwa aliyeandika, kama alizijua. Moduli, yaani kipande cha msimbo cha kuazimana, ambayo haisemi inashindwaje bado haijamalizika kuandikwa, hata kama imefanya kazi mwaka mzima mezani kwa mwenyewe.

Chukua kihisi cha DS18B20, kile chenye kichwa cha chuma na waya tatu. Wengi wetu tunakisoma kwa maktaba ya DallasTemperature ya Miles Burton, ambayo nayo inaegemea maktaba ya OneWire, iliyoanzishwa na Jim Studt na kutunzwa kwa miaka mingi na Paul Stoffregen. Unaita getTempC, unapata namba. Kihisi kikichomoka, programu haisimami na hakuna taa nyekundu inayowaka. Maktaba inarudisha namba nyingine tu: -127. Sasa ipitishe namba hiyo kwenye sharti ambalo limo katika misimbo mingi ya inkubeta: joto likiwa chini ya 37.5 washa hita, vinginevyo zima. Hasi 127 iko chini ya 37.5. Hita inawaka. Kipimo kinachofuata ni -127 tena, hita inaendelea kuwaka, na itawaka mpaka mtu aamke asubuhi akute mayai yameiva.

Kuna na 85. DS18B20 ikipata umeme huanza ikiwa na nyuzi 85 kwenye kumbukumbu yake, na inahitaji hadi milisekunde 750 kupima joto kwa biti 12. Umeme wake ukiyumba katikati ya kipimo, kisha ukaisoma, unapewa 85 kamili. Hapo mambo yanageuka: hita inazimwa ilhali mayai yanapoa. Namba zote mbili zimeandikwa wazi, ya kwanza kwenye faili za maktaba yenyewe na ya pili kwenye karatasi ya maelezo ya mtengenezaji. Hazikufichwa na mtu. Ni sisi ambao hatuzisafirishi pamoja na msimbo.

Anayetumia DHT22, kihisi kingine cha joto, hajasalimika pia. Maktaba ya Adafruit ikishindwa kukisoma kihisi hicho inarudisha NaN, thamani ya kusema kwamba hii si namba. Ukiilinganisha NaN na namba yoyote kwa kuuliza kubwa au ndogo, jibu siku zote ni hapana. Iko chini ya 37.5? Hapana. Iko juu ya 37.8? Hapana. Msimbo wenye masharti mawili, moja la kuwasha na jingine la kuzima, ndio tunaowashauri wanaoanza kwa sababu hauitesi rilei kwa kuiwasha na kuizima kila sekunde. Msimbo huo huo ukipewa NaN unaganda ulipo. Hita iliyokuwa imewaka inabaki imewaka, iliyokuwa imezimwa inabaki imezimwa. Trei nzima ya mayai inapona au inaungua kutegemea waya ulikatika sekunde gani.

Nimesikia watu wakimlaumu mwandishi wa maktaba. Lawama hiyo si haki. Fungua mfano unaokuja na maktaba yenyewe, uitwao DHTtester, utakuta ukaguzi wa NaN umo. Kipimo kikishindikana, mfano unaandika ujumbe wa kushindwa kwenye kompyuta na kurudi mwanzo wa mzunguko. Kwa programu ya kuonyesha joto tu, hiyo inatosha kabisa. Lakini mtu akichukua mfano huo na kuongeza mistari ya hita chini yake, ile amri ya kurudi mwanzo inairuka pia mistari ya kuzima hita. Matokeo ni yale yale ya msimbo usio na ukaguzi, tofauti ni kwamba huu unaonekana umekaguliwa. Atakayeupokea ataona neno isnan, amri ya kukagua NaN, na kuridhika. Kwangu huo ndio msimbo wa hatari kuliko yote, kwa sababu unamwondolea msomaji shaka ambayo ingemsaidia.

Mwandishi wa maktaba ya kihisi hajui kipimo chake kitatumika wapi. Pengine kitaonyeshwa kwenye skrini, pengine kitahifadhiwa kwenye kadi, pengine kitashika hita ya wati 200. Hawezi kuamua kwa niaba ya wote hao nini kifanyike kikishindikana. Anachoweza ni kutangaza alama ya kushindwa, na ametangaza: -127 kwa huyu, NaN kwa yule. Uamuzi wenyewe ni wa aliyeunganisha kihisi na hita. Mtu huyo ndiye sisi tunaochukua maktaba nne, tukazifunga pamoja na rilei na skrini, kisha tukazipitisha mbele kama kitu kimoja kiitwacho "msimbo wa inkubeta". Sisi tunajua hita ipo. Tunajua pia kwamba kiinitete huvumilia zaidi kupoa kwa saa chache kuliko kupashwa moto kupita kiasi, kwa hiyo kihisi kikipotea, kuzima hita na kupiga king'ora ndiyo njia salama. Uamuzi huo ukiwa umo ndani ya msimbo na umeandikwa juu yake, aliyepokea amepokea kitu kizima.

Kuna kushindwa ambako hakutokani na kihisi chochote, nako ndiko kunakowavunja moyo wanaoanza. ATmega328P, chipu iliyo kwenye Uno, ina taima tatu tu. Ya kwanza, Timer0, inahesabu muda wa amri za millis na delay. Maktaba ya Servo inachukua ya pili, Timer1, na ikishaichukua, analogWrite, amri ya kupunguza au kuongeza nguvu ya pini, haifanyi kazi tena kwenye pini 9 na 10. Mtu ana msimbo wa feni unaodhibiti kasi kupitia pini 9, umemtumikia vizuri. Anaazima kwa rafiki moduli ya kugeuza trei ya mayai kwa mota ya servo. Kila moja peke yake haina tatizo. Akiziweka pamoja, zinakompaili bila malalamiko, trei inageuka, na feni haitii tena. Atabadilisha feni, atabadilisha transista, atarudi dukani kulaumu, kumbe moduli mbili zinagombania taima moja na hakuna hata moja iliyosema inaihitaji.

Taima ya tatu, Timer2, nayo ina wagombea wake. Amri ya tone, ya kutoa mlio, inaitumia, na maktaba ya IRremote ya kusoma rimoti inaitumia pia kwenye Uno. Zikikutana, angalau hapa kompyuta inakataa, ila inakataa kwa ujumbe unaotaja __vector_7 kuwa imeelezwa zaidi ya mara moja. Mwanafunzi wa kidato cha tatu afanye nini na ujumbe huo? Mstari mmoja juu ya faili, "moduli hii inatumia Timer2", ungemwokolea wikendi nzima.

Muda nao una mtego wake, na kwa inkubeta mtego huo umekaa pabaya. Hesabu ya millis, yaani milisekunde tangu bodi iwashwe, inajaa na kurudi sifuri baada ya siku 49.7 hivi. Mashine inayopewa umeme wa akiba na kufanya kazi mfululizo inafika hapo siku ya nane ya mzunguko wake wa tatu, mayai yakiwa ndani na yakihitaji uangalizi. Msimbo ulioandikwa kwa kutoa, wakati wa sasa ukiondoa wakati wa mwisho, unavuka salama. Ulioandikwa kwa kujumlisha, wakati wa mwisho ukiongezwa saa moja, jumla yake inajaa kabla ya saa yenyewe kujaa, na mota inaanza kugeuza trei mfululizo bila kupumzika, pengine kwa karibu saa nzima. Hakuna atakayeliona tatizo hilo kwa kujaribu mezani jioni moja. Litaonekana tu na yule aliyelisoma au kuambiwa.

Mfano wa jinsi kazi hii inavyofanywa vizuri upo, nao unahusu kile kiskrini cha herufi cha mistari miwili chenye bodi ndogo ya I2C (mawasiliano ya waya mbili) iliyolehemiwa mgongoni. Bodi hizo zinakuja na chipu ya PCF8574 au PCF8574A, na kwa macho zinafanana. Ya kwanza kwa kawaida ina anwani 0x27, ya pili 0x3F. Ukitumia msimbo wa aliyenunua ile nyingine, skrini inawaka taa, inaonyesha safu ya vibonge vyeupe, na haiandiki kitu. Juu ya hapo kuna maktaba nyingi tofauti zilizosambaa kwa jina lile lile la LiquidCrystal_I2C. Moja inaanza kwa init, nyingine kwa begin, na hata vigezo vyake vya kuanzia havifanani. Ukiambiwa "weka LiquidCrystal_I2C" hujaambiwa kitu.

Bill Perry aliandika maktaba ya hd44780 akiyajua haya yote. Maktaba yake inaitafuta anwani yenyewe na kubaini yenyewe waya zimeunganishwaje kwenye bodi hiyo ndogo. La kupendeza zaidi kwangu ni programu ya uchunguzi inayokuja nayo, I2CexpDiag, ambayo unaipakia pale skrini inapogoma, nayo inakagua waya na kumbukumbu ya skrini na kukuandikia imekuta nini. Mwandishi alikaa chini akajiuliza mtu asiyemjua, mwenye kifaa asichokiona, atakwama wapi, kisha akamwachia chombo cha kujisaidia. Ningependa moduli zetu ziandikwe kwa moyo huo.

Suala la matoleo linafuata hapo hapo. Tunatumiana picha ya msimbo iliyopigwa kwenye skrini, au faili ya zip isiyo na tarehe. Mtu anaichukua, anasakinisha maktaba mpya kabisa, na msimbo unakataa. Wanaotumia maktaba ya ArduinoJson ya Benoît Blanchon wanalijua hili. Masomo yaliyoandikwa enzi za toleo la 5 yana StaticJsonBuffer. Toleo la 6 likaiondoa na kuleta StaticJsonDocument. Toleo la 7 likabaki na JsonDocument peke yake. Kwenye bodi za ESP32 nako, toleo la 3.0 la msingi wa Arduino lilifuta ledcSetup na ledcAttachPin na kuweka ledcAttach mahali pake. Mwandishi akiboresha kazi yake hajakosea. Aliyekosea ni aliyetoa msimbo bila kutaja ulijaribiwa na toleo gani. Siku hizi wengi wanaziomba programu za akili bandia ziwaandikie, nazo huchanganya amri za matoleo mawili katika faili moja, kwa hiyo haja ya kutaja toleo imeongezeka. Maktaba rasmi za Arduino zina faili ndogo ya library.properties inayobeba jina, toleo, mwandishi na bodi zinazokubalika. Ni mistari michache, na hakuna kinachotuzuia kufanya vivyo hivyo hata kwa moduli ya kurasa mbili.

Halafu kuna jina la aliyetangulia, na hili naliona la heshima kabla halijawa la sheria. Mwaka 2003, huko Ivrea, Italia, mwanafunzi kutoka Colombia aitwaye Hernando Barragán alianza kujenga Wiring, jukwaa la kuandikia programu za mikrokontrola, kama kazi yake ya shahada ya uzamili. Amri za pinMode na digitalWrite ambazo leo kila mtoto wa elektroniki anazijua zilitoka huko. Arduino ilipoanza mwaka 2005 ilijengwa juu ya msimbo wa Wiring, na mwaka 2016 Barragán alichapisha maelezo yake marefu kuonyesha jinsi mchango wake ulivyopungukiwa kutambuliwa. Leseni huria ilikuwa inaruhusu kuendeleza kazi yake. Lakini ruhusa ya kutumia haifuti wajibu wa kutaja. Nasi tunafanya hivyo hivyo kila siku kwa udogo wetu: faili inafika ikiwa na jina la mwandishi na mistari ya leseni juu, inaondoka ikiwa imenyolewa, na aliyeituma anapongezwa.

Madhara yake hayaishii kwenye heshima. Jina likifutwa, anayekuta kasoro hana wa kumrudia, na marekebisho hayafiki kwenye chanzo. Kila mtu anabaki na nakala yake yenye ugonjwa ule ule. Leseni ikifutwa, aliyepokea hana ruhusa iliyoandikwa, kwa kuwa sheria za hakimiliki za Tanzania na za Kenya zinalinda programu za kompyuta, na ukimya si ruhusa. Kijana akitaka kuuza inkubeta kumi kwa chama cha wafugaji, hilo linakuwa swali la biashara. Leseni ya MIT inamwomba abaki na tangazo la mwandishi, basi. Leseni ya LGPL, inayotumika kwenye maktaba za msingi za Arduino, inamtaka pia aliyeibadilisha maktaba na kuitoa kwa wengine awape mabadiliko yake. Oktoba 2025, kampuni ya chipu ya Qualcomm ya Marekani ilipotangaza kuinunua Arduino, wengi waliingiwa na wasiwasi, na walikuwa na haki. Hata hivyo msimbo uliokwisha kutolewa kwa leseni hizo umebaki mikononi mwa watu kwa masharti yale yale. Ulinzi huo ulitokana na mistari ambayo tunaifuta kwa sababu inatujazia skrini.

Najua jibu ninalopewa ninapoyasema haya: sisi si kiwanda, tunafanya kwa mapenzi, ukiweka masharti mengi utawakimbiza wanaoanza. Nakubali nusu yake. Sitaki mtu aogope kuonyesha kazi yake kwa kuwa haina nyaraka. Msimbo wa kuwasha taa hauhitaji maelezo ya kushindwa. Ila anayeanza ndiye anayeumia zaidi na msimbo mtupu, kwa sababu mzoefu akiona -127 anacheka na kukaza waya, na anayeanza anadhani hana kipaji. Tunasema tunamrahisishia, tunamwachia sehemu ngumu peke yake. Pia mashine hizi zimetoka mezani. Zinawekwa kwenye mabanda ya watu waliokopa fedha za mayai, na trei moja iliyoungua ni hasara ya familia.

Maelezo hayo yaandikwe kwa Kiswahili, kwa sababu anayeyahitaji mara nyingi amesimama dukani au bandani na simu mkononi. Hayahitaji kuwa marefu. Kwa msimbo wa inkubeta nimeridhika na kitu kama hiki juu ya faili:

// Kihisi: DS18B20, data pini 2, rezista 4.7k kati ya data na 5V
// Rilei ya hita: pini 7, inawaka pini ikiwa LOW
// King'ora: pini 8. Mota ya trei: servo, pini 6
// Servo inachukua Timer1: usitumie analogWrite pini 9 na 10
// Kipimo cha -127 au 85 kamili hakikubaliki
// Kikirudi mara 3 mfululizo: hita inazimwa, king'ora kinalia
// Imejaribiwa: Uno, DallasTemperature 3.9.0, OneWire 2.3.7
// Imetokana na msimbo wa: (jina), leseni: (ipi)

Mstari wa rilei usirukwe. Nyingi ya zile moduli za rilei za bluu zinawaka pini ikiwa LOW (haina volti), nyingine zinawaka ikiwa HIGH (ina volti), na aliyebadilisha rilei bila kujua atakuwa na mashine inayopasha mayai yakiwa na joto na kuyapoza yakiwa baridi. Vivyo hivyo kwa anayehamishia msimbo kwenye bodi ya NodeMCU: maandishi D4 kwenye bodi hiyo ni pini ya chipu iitwayo GPIO2, na D2 ndiyo GPIO4, kwa hiyo "pini 4" bila kutaja bodi ni maelekezo nusu.

Mstari wa "mara 3 mfululizo" nao usiaminiwe kwa kusoma tu. Kabla ya kumtumia mtu, washa mashine ikiwa haina mayai, subiri hita iwake, kisha chomoa waya wa data wa kihisi. Hesabu sekunde mpaka hita izime. Rudisha waya, uone kama mashine inarudi kazini yenyewe au inasubiri mtu aiwashe upya. Andika majibu yote mawili chini ya mstari huo, ndipo utume.